Tone la Iodini

Katika maabara ya shule yetu ya upili, Malaba, chupa nyingi hazikuwa na lebo. Baadhi ya lebo zilikuwa zimebanduliwa na unyevu, nyingine zimeliwa na mende, na Mwalimu wa Kemia hakuwa na haraka ya kubandika mpya. Lebo, alituambia, ni neno la mtu aliyekwisha kwenda nyumbani; anayetaka kujua kilichomo ndani ya chupa na apime. Wakaguzi walipotangaza safari yao, lebo zilirudi kwa siku moja, zimeandikwa kwa mwandiko wake mzuri, na wakaguzi wakaondoka wameridhika na mwandiko. Kwa kuiheshimu imani yake hiyo, nami sitambandika jina. Nitaeleza tu alivyoonekana kila alipopimwa.

Alikuwa mrefu, mkavu wa mwili na wa maneno, mwenye mashati meupe ambayo yote, kwenye mfuko wa kushoto, yalikuwa na doa la kahawia lisilotoka. Doa hilo lilitokana na kichupa cha iodini, ile ile dawa ya vidonda inayouzwa katika kila duka la dawa, ambacho alikibeba kama wazee wenzake wanavyobeba ugoro. Alipostaafu, kalamu nyekundu zilitoka mfukoni, kichupa kikabaki. Alikiingiza kanisani, harusini na katika vikao vya chifu. Ukimkaribisha uji, kabla hajashukuru alidondosha tone moja kwenye kisahani, akatazama uji ukigeuka samawati nzito, akatikisa kichwa kwa kuridhika, kisha akanywa uliobaki kikombeni. Wenyeji waliomzoea walimwekea kisahani cha ziada. Wageni walidhani anapima sumu, na kwa kweli hakuwaondolea wasiwasi huo, kwa sababu hakujua kwamba wanao.

Hilo la kutojua mwenzake anaona nini ndilo lililokuwa ugonjwa wake mkuu, na ajabu ni kwamba maisha yake yote alifundisha kuona. Swali lake darasani lilikuwa moja. "Umeona nini?" Mwanafunzi alipoanza kueleza kanuni, alimkata. "Usiniambie ulichosoma. Kitabu hakikuwa hapa leo. Macho kwanza, akili baadaye."

Mwaka tulipokuwa kidato cha tatu alitupa viazi na iodini tupime wanga. Kila kitabu kilisema kiazi kingegeuka samawati iliyokaribia weusi, na darasa zima likaandika hivyo, pamoja na kijana aliyekuwa wa kwanza katika masomo yote na ambaye wazazi wake walikuwa wameanza kumwita daktari. Ni msichana mmoja tu kutoka Budalang'i, ambaye vitabu vyake vilikuwa vimechukuliwa na mafuriko ya mto Nzoia na hivyo hakuwa na cha kunakili, aliyeandika: Hakuna kilichotokea. Mwalimu alikuwa ametugawia iodini iliyoharibika, kwa makusudi. Msichana alipata alama zote. Sisi wengine tulipata sifuri na hotuba. Alisema kwamba mtu anayeandika asichokiona hana tofauti na anayeapa mahakamani kwa jambo asilolishuhudia, na kwamba siku moja mgonjwa atakufa kwa sababu ya sentensi nzuri. Tulicheka kimya kimya. Tulikuwa vijana, na mgonjwa huyo hatukumjua.

Somo lake nililolipenda zaidi halikuwa katika silabasi. Alipasua parachichi, nusu moja akaipaka ndimu, nyingine akaiacha. Kipindi kilipokaribia kwisha, iliyoachwa ilikuwa imegeuka kahawia. Yenye ndimu ilikuwa bado mbichi kama ilivyotoka kwa kisu.

"Hewa inakula kila kitu," alisema. "Inakula misumari ikaitwa kutu. Inakula mafuta ya kupikia yakaitwa mabovu. Inatukula na sisi, polepole, tukaitwa wazee. Sasa yako matunda yenye vitu ndani yake ambavyo hujitanguliza kuliwa badala ya wenzake."

Vitu hivyo siku hizi kila mtu anaviita antioksidanti, hata asiyejua kutamka oksijeni. Mwalimu alivitaja kwa heshima zaidi, kama mtu anayesimulia habari za watumishi waaminifu. Alitueleza kwamba vimo katika zambarau, ambazo sisi huku huita jamna, katika mapera, katika ndimu, katika ukwaju, katika maua ya rosela, hata katika majani ya sukuma wiki. Kisha akatuonyesha: maji yenye wanga na tone la iodini, meusi, akakamulia ndimu, weusi ukayeyuka kana kwamba haukuwahi kuwapo. Na kabla hatujapiga makofi aliinua kidole. "Kilichotokea kwenye bakuli kimetokea kwenye bakuli. Tumbo si bakuli." Kwamba juisi huondoa rangi ya iodini, hilo umeliona. Kwamba huondoa ugonjwa kwa mtu, hilo hujaliona, na kuliona kunataka watu wengi, muda mrefu, na waangalizi wasio na cha kuuza.

Wasomaji wanaopenda watu wa kipande kimoja watavunjika moyo sasa. Mwalimu huyu aliyetueleza jinsi hewa inavyotukula alieleza hayo akiwa na sigara katikati ya vidole, kwa maana alivuta tangu ujana hadi uzeeni, na tulipomuuliza alijibu kwamba hilo ni jaribio lake la muda mrefu na matokeo bado hayajatoka. Alipopatwa na malaria alimeza vidonge vya hospitali, tena kwa saa zake barabara, kisha akaoga maji yaliyochemshiwa mwarobaini kama alivyokuwa akiogeshwa utotoni. Nilimuuliza ni kipi kilichomponya. "Vidonge vinatibu," alisema. "Mwarobaini unaniambia kuna mtu nyumbani." Alikuwa na mlonge uani, na mipera miwili, na jamna kubwa iliyotia zambarau kila nguo iliyoanikwa chini yake. Tunda, alisema, halina kosa. Kosa huanza pale tunda linapopewa kipaza sauti.

Lakini nilisema kwamba ugonjwa wake ulikuwa kutojua wenzake wanaona nini. Dalili ya kwanza ilijitokeza kwa wakwe zake, Wateso wa upande wa Amukura, katika sherehe ya kumaliza matanga. Wazee walikuwa wameuzunguka mtungi wa busaa, pombe ya wimbi, kila mmoja na mrija wake mrefu, na mkwe huyu msomi akakaribishwa kwa heshima zote. Akaomba busaa kidogo kwenye kibakuli. Akadondosha tone lake. Busaa ikawa nyeusi tititi mbele ya ukoo mzima.

Alikuwa akitaka kuwaeleza kwamba wimbi halikuchachuka lote, kwamba wanga mwingi umebaki, na kwamba mpishi angeweza kusubiri kidogo. Hakufika huko. Mirija ilitolewa mtungini mmoja baada ya mwingine, kwa utulivu wa kutisha, na wazee wakageuza macho kwa mama aliyepika. Mama wa watu akalia. Ilibidi Mwalimu anywe kibakuli kingine kizima, mbele ya wote, kuonyesha kwamba busaa haikuwa na kitu, kisha akatozwa kuku wa kumwomba mpishi radhi. Alilipa. Miaka mingi baadaye bado aliamini kwamba alitozwa kwa kukosoa mapishi.

Alipostaafu, Malaba ilimpa darasa jipya. Asiyeijua foleni ya malori ya Malaba hajui subira ni nini. Dereva hufika na shehena ya kwenda Uganda na mbele yake, akaegesha nyuma ya wenzake, akangoja karatasi zake zipite. Na mwili uliokaa muda mrefu bila kazi huanza kujichunguza. Mgongo huu. Macho haya. Nguvu za ujana zimekwenda wapi. Ni katika ardhi hiyo yenye rutuba ndipo ilipoota biashara ya juisi za tiba. Zamani walikuwa wazee wachache wenye mizizi ndani ya magunia, wenye haya kidogo. Siku hizi ni chupa safi, vifuniko vya kukaza, na neno antioksidanti kwa herufi kubwa. Watu waliokimbia hesabu shuleni wamerudi kuinunua sayansi barabarani, mradi imetiwa sukari.

Mkuu wa biashara hiyo alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, mwenye aproni ya manjano, ambaye kila mtu alimwita Mama Rosela kwa sababu alianza na yale maua mekundu makavu ya rosela kabla ya kupanuka hadi jamna, mapera na ukwaju. Sina budi kusema kwamba juisi zake zilikuwa tamu na safi. Ubaya ulikuwa katika lebo. Ilidai kuponya sukari, presha, macho, mgongo, na mwishoni kabisa, kwa herufi ndogo, mikosi ya biashara.

Mwalimu alimwendea siku ya soko, mbele ya madereva. "Mama, katika haya yote, ni lipi umeliona kwa macho yako?"

"Mwalimu, mimi nauza, siangalii," alijibu Mama Rosela. "Wewe ndiye wa kuangalia. Angalia basi."

Maneno hayo yalikuwa mtego, ingawa nadhani hata aliyeutega hakujua. Mtu yule aliambiwa aangalie. Alitoa kichupa. Aliomba kibakuli cheupe na maji yaliyooshewa muhogo, akadondosha iodini, maji yakawa meusi. Akamimina juisi ya jamna. Weusi ukaondoka, pakabaki wekundu hafifu wa tunda. Kisha akageukia watu ili aeleze kwamba hilo halithibitishi lolote kuhusu sukari wala presha. Maelezo yalikuwa mazuri, yenye mwanzo, kati na mwisho. Tatizo ni kwamba watu walikuwa wamekwisha kuona.

"Boss, rudia hiyo," dereva mmoja alisema.

Na kwa kuwa hakuna mwalimu anayekataa kurudia, alirudia.

Siku ya soko iliyofuata, Mama Rosela alikuwa na kichupa chake cha iodini, kibakuli cheupe na maji ya muhogo ndani ya jagi. "Njooni muone," alisema, bila hata kupaza sauti, kwa maana kipaza sauti hakikuhitajika tena. "Hii nyeusi ndio iko ndani yako. Ni chipsi, ni soda, ni moshi ya lori. Sasa angalia juisi ikiingia. Umeona? Hii si mambo ya kienyeji, hii imepimwa na mwalimu wa kemia, yule pale mwenye shati nyeupe. Mwalimu, wasalimie."

Mwalimu aliwasalimia. Ndivyo alivyolelewa.

Nimekutana na wadanganyifu wa kila namna, na katika kazi yangu ya kufundisha lugha nimeyasoma maandishi yao wakiwa bado wachanga. Udanganyifu wa Mama Rosela ulinistaajabisha kwa sababu haukuwa na tone la uongo ndani ya bakuli. Kila alichoonyesha kilikuwa kweli. Uongo ulikuwa umehamia kwa watazamaji, nao waliuleta wenyewe kutoka nyumbani.

Mwalimu akaamua kuuvunja ushahidi kwa ushahidi. Alikuja na majani ya sukuma wiki, akayatwanga mbele ya watu, akakamua maji ya kijani kwenye bakuli la maji meusi. Weusi ukatoweka. "Mmeona? Hata sukuma wiki mnayokula kila jioni inafanya hivyo, na mgongo bado unauma." Siku ya soko iliyofuata palikuwa na chupa mpya mezani kwa Mama Rosela, ya kijani, na foleni yake. Akaja na pilipili hoho. Ikaingia mezani pia. Akaja na mapera mabichi ambayo hata ndege walikuwa wameyakataa. Nayo yakapata lebo. Alikuwa amegeuka, bila ujira, kuwa idara ya utafiti ya Mama Rosela.

Mwishowe alikuja na sabuni ya unga. Nilikuwepo. Alikoroga kijiko cha sabuni kwenye maji, akaonyesha pakiti ili kila mtu aione, akamimina. Rangi ikaondoka, safi kabisa.

"Haya," alisema, na kwa mara ya kwanza nilimwona akitabasamu hadharani. "Sabuni ya kufulia. Imefanya kazi ile ile. Mtainywa?"

Watu walimtazama Mama Rosela kwa macho ya kudai. Mama huyo alifuta mikono kwenye aproni, taratibu, kama mtu anayepokea zawadi.

"Mwalimu, Mungu akuweke," alisema. "Mimi sikuwa na hayo maneno. Wamesikia sasa. Sabuni inafua nje, yangu inafua ndani. Nani amebaki?"

Waliobaki walikuwa wengi. Dereva mmoja wa makamo alimpiga Mwalimu begani akipita na chupa zake. "Mzee, umeeleza vizuri sana."

Siku chache baadaye wawili hao walikutana kwenye kaunta ya duka la dawa, Mwalimu akinunua iodini, Mama Rosela akipokea vidonge vya presha.

"Na wewe?" Mwalimu aliuliza.

"Presha si mchezo, Mwalimu."

"Na juisi?"

"Juisi ni ya kuuza." Akavitia vidonge kwenye mkoba, akaongeza kwa huruma ya kweli, "Lakini kama una kiu, pitia, sitakutoza."

Mwalimu alinisimulia hayo kwa shangwe. Alidhani amepata silaha, na alimjua mtu wa kumpelekea.

Mtu huyo alikuwa dada yake mkubwa, ambaye mtaa mzima tulimwita Kukhu, yaani nyanya. Ndiye aliyemlea, na sasa walikuwa wakikaa nyumba moja. Ndiye aliyekuwa akichukua samaki Port Victoria na kuwauza Bumala, kwa miguu pale gari lilipokosekana, ili mdogo wake avae viatu vya shule. Na miguu hiyo ndiyo iliyokuja kuwa hoja. Kukhu alikuwa na ugonjwa wa sukari. Alimeza vidonge vya kliniki miaka mingi bila neno, mpaka siku alipopita sokoni akaona maji meusi yakigeuka meupe, na akasikia kwamba mwenye jaribio ni mdogo wake mwenyewe. Tangu siku hiyo alikunywa juisi ya jamna, yenye sukari iliyoongezwa ili wateja wasikunje uso, na vidonge akavitia kwenye mkebe wa majani ya chai.

Mwalimu alimweleza kuhusu Mama Rosela na vidonge vya presha. Kukhu alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mimi nimeuza samaki maisha yangu yote," alisema. "Nyumbani nilikuwa nikila mboga. Samaki walikuwa wabaya?"

Mwalimu akabadilisha njia. Akasema tunda si baya, ale tunda, lakini dawa ni dawa. Hapo Kukhu akafungua mkebe, akatoa kidonge kimoja, akakiweka mezani mbele yake.

"Lete kibakuli chako. Weka hii ya hospitali tuone."

Mwalimu alinieleza baadaye kwamba alijua jibu kabla ya kupima. Kidonge kile hufanya kazi yake ndani ya mwili kwa njia yake. Hakina ugomvi wowote na iodini. Lakini kukataa kupima kwa kuogopa matokeo ni jambo ambalo hakuwahi kumruhusu mwanafunzi yeyote, na yeye alikuwa mwanafunzi wake mwenyewe. Akaweka maji ya muhogo, akadondosha tone, akatia kidonge, akakoroga. Walingoja. Maji yalibaki meusi.

"Imebaki," Kukhu alisema.

"Imebaki," Mwalimu alikubali. "Lakini Dada, maana yake..."

"Macho kwanza," alisema Kukhu, ambaye alikuwa ameisikia sentensi hiyo kwa miaka mingi kuliko sisi sote. "Maana utaniambia baadaye."

Sijapata kuona uaminifu ulioadhibiwa haraka hivyo. Kidonda kidogo mguuni mwa Kukhu, kilichoanzia penye mkanda wa ndala, kilikataa kupona. Kikageuka rangi. Wakati walipomfikisha hospitali kidole kilikuwa kimekwisha kwenda, na daktari akasema wazi, mbele ya wote wawili, kwamba sukari isiposhuka atakaporudi tena watazungumzia mguu. Kukhu aliitikia vizuri. Alipofika nyumbani aliomba juisi yake.

Nilikwenda kumtazama asubuhi moja, baada ya kusikia habari za kidole. Kukhu alikuwa ameketi sebuleni, mguu umefungwa bandeji na kunyooshwa juu ya kigoda, leso mabegani, uso mkali kama wa mtu anayengoja bei ishuke. Mwalimu alikuwa amezeeka ghafla. Shati lilikuwa lile lile, doa lile lile, naye alitoka jikoni na kibakuli cheupe mkononi.

"Wewe wa lugha," alisema, kwa maana hivyo ndivyo alivyoniita tangu nilipoiacha kemia. "Umefika wakati mzuri. Keti. Kuna jaribio."

"Anasema ile ya kwanza alikosea," Kukhu alinieleza. "Miaka yote hajakosea, leo amekosea."

"Nilitia kidonge kizima, Dada. Kidonge kizima hakifunguki. Lazima kisagwe."

Alisema hivyo kwa sauti yake ya darasani, akitazama kibakuli, si mimi. Alitoa vidonge viwili kwenye mkebe. Kimoja akakiweka kwenye kisahani pamoja na kikombe cha maji, karibu na dada yake. Kingine akakisagia ndani ya kijiko kwa mgongo wa kijiko kingine. Kijiko cha chini kilikuwa kimeloa. Maji ya muhogo yalikuwa tayari kibakulini. Akadondosha tone la iodini, yakawa meusi. Akatumbukiza unga wa kidonge pamoja na ule umajimaji uliokuwa kijikoni, akakoroga mara chache.

Weusi uliondoka.

Harufu ilinifikia kabla ya kuwaza chochote. Niliijua tangu ile siku ya parachichi. Nilitazama mlangoni mwa jikoni, na juu ya meza ndogo niliona kisahani kimefunikwa juu ya kitu kilichokiinua upande mmoja na kuonekana: nusu ya ndimu, imekamuliwa mpaka ngozi.

Nimewafundisha vijana kwa muda mrefu kwamba uongo wenye nia njema ndio mbaya kuliko wote, kwa sababu hauoni haya. Nina hotuba kamili juu ya jambo hilo, na asubuhi ile yote ilikuwa tayari kinywani. Mwalimu alisimama na kibakuli mkononi, yule aliyewapa wanafunzi sifuri kwa kuandika wasichokiona, naye hakunikonyeza, hakuniomba kwa macho, hakufanya lolote. Alikuwa akingoja matokeo.

Kukhu hakumtazama yeye. Alinitazama mimi.

"Wewe alikufundisha," alisema. "Na huna juisi ya kuuza. Umeona nini?"

Nikatazama kibakuli.

"Usiniambie ulichosoma," aliongeza.

Mguu ule ulikuwa baina yetu, juu ya kigoda, bandeji yake safi, vidole vinne vikichungulia.

"Nimeona rangi ikiondoka, Kukhu," nikasema.

"Yote?"

"Yote."

Akangoja kidogo, kama Mwalimu alivyokuwa akingoja mtu amalizie sehemu ya pili ya jibu, ile ya sababu. Kukhu akachukua kidonge kwenye kisahani, akakitupia kinywani, akanywa maji yote ya kikombe.

"Kumbe ni kusaga tu," alisema, akimrudishia mdogo wake kikombe. "Lakini wewe siku hizi unakosea. Kesho utanionyesha tena. Kila siku kwanza nione, ndio nimeze."

"Kila siku, Dada," alisema Mwalimu.

Alinisindikiza mpaka langoni, akapita chini ya jamna yake bila kuangalia juu, ingawa ulikuwa msimu na ardhi yote ilikuwa na madoa ya zambarau. Aliwasha sigara. Tulisimama tukitazama barabara, malori yamepangana mpaka upeo wa macho. Alifungua lango, akanipisha.

"Unapitia sokoni?"

"Napitia, Mwalimu."

"Niletee ndimu," alisema. "Za kutosha wiki. Chukua kwa Mama Rosela, zake zina maji."